Bodaboda nne kwa mota moja? Historia fupi ya kuboresha mashine ya santuri

Mjomba wangu anaishi Tanga. Ujana wake wote alikuwa fundi wa injini melini, na mwaka 1981 meli yao ilipotia nanga Glasgow, Uskoti, alishuka na mshahara wa miezi mitatu mfukoni na kurudi melini na sanduku zito. Ndani mlikuwa na mashine ya kupigia santuri, Linn Sondek LP12, imeshatumika na mtu mwingine lakini bado nzima. Wenzake walimcheka. Wao walinunua redio kaseti.

Miezi michache iliyopita alinipigia simu. Muuzaji mmoja wa nje alikuwa amempa bei ya kuiboresha: mota mpya pamoja na kifaa chake cha umeme. Ukiibadilisha kwa shilingi, ile bei inanunua bodaboda nne mpya. "Mjomba," akaniambia, "wewe si umesoma fizikia mpaka digrii ya pili? Niambie basi, nitoe au nisitoe?"

Kiukweli sikuwa na jibu. Nilijua wapo wanaoapa kwamba kila kipuri kipya kinafungua pazia la muziki, na wapo wanaosema huo wote ni upepo. Nikaamua kuanza na historia. Mashine hizi zimekuwa zikiboreshwa kwa zaidi ya miaka 60, na kila boresho lilizaliwa kutibu ugonjwa fulani. Ukiujua ugonjwa, unaweza kuangalia kama mashine yako inao. Hebu tuanze.

Kwanza ilikuwa sindano

Bibi na babu zetu wa pwani waliijua santuri kabla ya kuujua umeme. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwa kampuni ya HMV, sahani zilizotoka kule zilipigwa kwenye gramafoni za kuvuta kwa mkono. Unazungusha kishikio, springi inajikaza, sahani inazunguka takriban mara 78 kwa dakika. Hakuna mota wala amplifaya.

Gharama yenyewe ilikuwa kwenye sindano. Sindano za chuma ziliuzwa kwenye vikopo vidogo, na ushauri wa watengenezaji ulikuwa utumie moja kwa upande mmoja wa sahani, kisha utupe. Ukiibania sindano iliyolika, inaikwangua santuri yako. Kwa hiyo swali la "niongeze hela au nisiongeze" ni la zamani kuliko mjomba wangu, na jibu lake la kwanza lilikuwa rahisi: usifanye ubahili kwenye kitu kinachogusa santuri.

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta santuri ya plastiki inayozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, yenye mfereji mwembamba kiasi kwamba upande mmoja uliweza kubeba zaidi ya dakika 20. Sasa fikiria upana wa mfereji wenyewe: unakaribiana na unywele wa kichwa chako. Ndani yake sindano inasoma mikunjo ambayo mingine ni midogo kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita. Kitu chochote kingine kinachotikisika kwa kiasi hicho, iwe mota, meza au sakafu, sindano inakisoma vilevile. Haijui kutofautisha taarab na mtetemo wa mota.

Ugonjwa wa mngurumo

Mashine nzuri za miaka ya 1950 zilizungushwa na gurudumu dogo la mpira lililobanwa kati ya mota na ukingo wa sahani ya chuma inayobeba santuri. Zilikuwa na nguvu, zilianza haraka, na hadi leo zina wapenzi wake. Lakini gurudumu lile liliunganisha mota na sahani moja kwa moja, na mtetemo ulipita humo humo.

Wakati wa mono hili halikuwa balaa kubwa, kwa sababu sauti iliandikwa kwa mwendo wa kushoto na kulia tu. Mwaka 1958 santuri za stirio zikaingia sokoni. Katika stirio kila ukuta wa mfereji unabeba chaneli yake, kwa hiyo sindano sasa inasikiliza pia mwendo wa juu na chini. Mtetemo wa wima, ambao jana haukusikika, leo ukawa mngurumo kwenye spika. Unaona mambo hayo? Mashine haikuharibika. Santuri ndiyo iliyobadilika, ikafichua aibu ya mashine.

Jibu lililobadilisha mambo lilitoka Massachusetts, Marekani, mwaka 1961. Edgar Villchur wa kampuni ya Acoustic Research alichukua mota ndogo dhaifu, akaiunganisha na sahani kwa mkanda wa mpira, kisha sahani na mkono wa sindano akaviweka kwenye fremu moja inayoning'inia kwenye springi tatu. Mpira ulimeza mtetemo wa mota. Springi zilizuia mtetemo wa meza. Na kwa kuwa sahani na mkono vilikuwa kwenye fremu moja, fremu ikiyumba vinayumba pamoja, sindano haihisi kitu. Bei yake haikufika dola 80.

Shika hapo, msomaji. Sehemu kubwa ya tatizo la mngurumo ilitatuliwa mwaka 1961, kwa bei ya mtu wa kawaida wa Marekani. Yaliyofuata baada ya hapo, kwa upande huu wa mngurumo, yalikuwa kupunguza mabaki.

Glasgow na hoja ya chemchemi

Mashine ya mjomba ni ya ukoo huohuo. Ivor Tiefenbrun wa Glasgow, ambaye baba yake alikuwa na karakana ya uhandisi wa vipuri vya usahihi mkubwa, alianza kuuza LP12 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mkanda upo, springi tatu zipo, fremu inayoning'inia ipo. Alichoongeza ni usahihi wa uchongaji, hasa wa beringi inayobeba sahani, na hoja moja nzito.

Hoja yenyewe ni hii. Siku zile washauri wengi walisema pesa yako iweke kwenye spika, maana mashine ya santuri kazi yake ni kuzunguka tu. Tiefenbrun akageuza: kilichopotea pale sindano inapogusa mfereji hakiwezi kurudishwa na amplifaya wala spika ya bei yoyote. Maji yakichafuka kwenye chemchemi, mtungi mzuri hautayasafisha. Kwa hiyo anzia kwenye chanzo.

Kimantiki ni kweli tupu, na ilisaidia watengenezaji wengi kuichukulia mashine ya santuri kwa uzito. Ila ina shimo moja. Inakwambia chanzo ni muhimu, lakini haikwambii chanzo chako kimechafuka *kiasi gani*. Na bila kiasi, hoja haina breki. Leo haijatosha, kesho haitatosha.

LP12 ilijengwa ili kipuri kipya kiingie kwenye mashine ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikaja kifaa cha umeme kilichoitwa Valhalla. Mwaka 1990 kikafuata kingine, Lingo. Mwaka 1993 ikaja beringi mpya, Cirkus. Mwaka 2009 mota nyingine kabisa na umeme wake, Radikal. Hii ina uzuri wake: mtu aliyenunua mwaka 1975 hajatupwa. Lakini pia ni sawa na baiskeli ya babu iliyobadilishwa tairi, mnyororo, usukani na fremu, na babu bado anakwambia ni ileile. Mwaka 2023, kampuni ilipotimiza miaka 50, ilitoa toleo maalumu la mashine 250 tu, kila moja pauni 50,000.

Wakati huohuo Japani walikuwa wamepita njia nyingine. Mwaka 1970 Technics walitoa SP-10, ambayo mota yake inaizungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, na mwaka 1972 wakaleta SL-1200, ambayo baadaye iligeuka kuwa chombo cha kazi cha madiijei dunia nzima. Toleo lake la 1979, MK2, mwendo wake ulidhibitiwa kwa kwatsi kama saa ya mkononi. Kiasi cha kuyumba kwa mwendo kilichoandikwa kwenye karatasi yake ni asilimia 0.025. Upande mmoja ukasema, tazama vipimo. Upande mwingine ukasema, vipimo havisikilizi muziki, masikio ndiyo yanasikiliza.

Jaribio la 1984

Basi, wacha masikio yaamue. Mwaka 1984, huko Kanada, Tiefenbrun mwenyewe alikubali kufanyiwa jaribio na watu wa sayansi ya sauti, akiwemo Stanley Lipshitz wa Chuo Kikuu cha Waterloo. Muziki ulitoka kwenye LP12. Katikati ya njia waliweka kifaa cha Sony PCM-F1, ambacho huigeuza sauti kuwa namba za dijitali na kuirudisha tena kuwa sauti ya kawaida. Msikilizaji hakuambiwa lini kifaa kimo na lini kimetolewa. Kwa mtu aliyeamini kwamba dijitali inaua muziki, tofauti ilitakiwa kuwa ya wazi.

Hakuweza kuitambua kwa uhakika. Majibu yake hayakuonyesha tofauti na ya mtu anayebahatisha.

Watu hulitaja jaribio hili ili kumcheka. Mimi naona kukubali tu kulihitaji ujasiri, na wengi wanaobishana leo hawathubutu. Tena nadhani wanaocheka wanapitwa na jambo la maana zaidi. Kama rekodi ya dijitali inapita bila sikio kugundua, basi tumepata kipimo! Unaweza kurekodi mashine yako *kabla* ya boresho, ukarekodi santuri ileile *baada* ya boresho, kisha ukazilinganisha bila kujua ipi ni ipi. Tofauti ikiwepo kwenye mashine, itakuwepo kwenye rekodi. Isiposikika hapo, umelipia nini?

Nikaazima kifaa cha kurekodia kwa rafiki mwenye studio, nikapanda basi la Tanga.

Mjomba aligeukia ukuta

Tulichagua santuri anayoipenda kuliko zote. Nikairekodi kwenye kompyuta, nikasawazisha ukubwa wa sauti, kisha nikampigia vipande 10, kila kimoja nikirusha sarafu kuamua kama ni santuri yenyewe au rekodi yake. Mjomba alikaa ameelekea ukutani, mikono kwenye magoti, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Alipata 6 kati ya 10. Akafurahi: "Si unaona?" Ikabidi nimweleze kwamba anayebahatisha kwa sarafu anaweza kupata 6 au zaidi katika takriban majaribio 38 kati ya 100. Akanuna kidogo. "Masikio yangu yamezeeka, lete yako." Tukabadilishana viti. Mimi nilipata 5.

Majaribio 10 ni machache, na vifaa vyetu si vya maabara. Lakini yalitosha kutuliza ubishi wa sebuleni, na tukakubaliana kanuni: hatutalipia kitu ambacho hatujakisikia bila kujua ni kipi.

Kisha tukaanza kutafuta ugonjwa.

Tundu la katikati

Chukua santuri uitazame ikizunguka. Mara nyingi utaona mkono wa sindano unakwenda kushoto na kulia polepole, mzunguko kwa mzunguko. Hiyo ni kwa sababu tundu halikutobolewa katikati kabisa. Hesabu yake ni ndogo: tundu likikosea kwa milimita 0.2, na sindano iko milimita 100 kutoka katikati, mwendo wa mfereji chini ya sindano unapanda na kushuka kwa asilimia 0.2. Linganisha na ile asilimia 0.025 ya Technics. Ni mara 8. Vipimo hivi viwili havipimwi kwa njia ileile, na sikio letu huhisi zaidi mtikisiko wa karibu mara 4 kwa sekunde kuliko huu wa taratibu, lakini picha unaipata. Santuri yenyewe inaweza kuyumbisha sauti kuliko mashine.

Mwaka 1981 Nakamichi ya Japani ilitengeneza mashine, TX-1000, iliyopima kosa la tundu na kuisogeza santuri mpaka mfereji ukae katikati kweli. Ni moja ya maboresho machache yaliyougusa ugonjwa wa santuri badala ya kuendelea kuipamba mashine. Mwaka uliofuata, Oktoba 1982, Sony wakaanza kuuza CD Japani, na dunia ikaangalia upande mwingine.

Tatizo lilikuwa uani

Mashine ya mjomba ni ya kabla ya Valhalla. Mota yake ni ya aina inayofuata mapigo ya umeme wa ukutani: umeme ukipiga mara 50 kwa sekunde, mota inakwenda sawasawa, mapigo yakipungua, inapunguza mwendo nayo. Ndiyo ilikuwa sababu ya kifaa kile cha mwanzoni mwa miaka ya 1980: kinatengeneza mapigo yake chenyewe, hakitegemei ukuta.

Nikabandika kipande cha karatasi pembeni ya sahani, nikashika saa ya simu. Mara 33 na theluthi kwa dakika maana yake mizunguko 100 kwa sekunde 180 kamili. Kwa umeme wa gridi tulipata 180, kwa kadiri kidole changu kinavyoweza. Safi. Jioni umeme ukakatika, mjomba akawasha jenereta lake uani, tukapima tena: sekunde 184.

Sekunde 4 si mchezo. Ni upungufu wa asilimia 2 na kidogo, unaoshusha sauti zaidi ya theluthi moja ya nusu toni. Hilo halihitaji sikio la dhahabu, hata mimi nililisikia. Mjomba akakaa kimya, halafu akasema, "Kumbe ndiyo maana jioni waimbaji wanachoka." Kwa miaka alidhani ni uzee wa mashine.

Kwa hiyo, je, muuzaji alikuwa sahihi? Nusu. Kifaa cha umeme kinatibu ugonjwa ambao kweli mashine hii inao, pengine kuliko mashine ya jirani wa muuzaji kule Ulaya ambaye hajui jenereta. Ila dawa ya ugonjwa huo ilikuwepo miaka 40 iliyopita, na ya bure zaidi ni kutopiga santuri kwa jenereta. Mota mpya na mabaki mengine ya bei ile yanatibu vitu ambavyo hatujaweza kuvipima wala kuvisikia.

Chini ya kitanda

Kabla sijaondoka niliuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: una santuri gani? Akavuta maboksi mawili kutoka chini ya kitanda. Zaidi ya nusu zilikuwa zile ndogo za mizunguko 45, taarab na rumba, nyingi zimetolewa Nairobi miaka ya 1970. Muziki mwingi wa Afrika Mashariki wa siku zile ulitoka kwa mtindo huo, wimbo mmoja kila upande.

LP12 za zamani zinazunguka kwa 33 tu. Kupiga 45 unavalisha kipete kidogo kwenye kishoka cha mota ili mkanda ukimbie haraka zaidi. Kipete cha mjomba kilipotea walipohama nyumba. Nusu ya muziki wake ulikuwa umenyamaza miaka 19, na sisi tulikuwa tunajadili bodaboda nne.

Tuliagiza kipete, sindano mpya (ile ya zamani ilishapita mbali sana saa 500 hadi 1,000 ambazo ncha ya almasi huhesabiwa kuwa salama) na mkanda mpya wa mpira. Fundi mmoja akasawazisha springi. Kipete na mkanda, pamoja na usafirishaji, havikufika shilingi laki moja na nusu. Sindano ndiyo iliyokula pesa, na siijutii.

Kwa hiyo msomaji, kama na wewe una mashine ya maana na mtu anakushawishi uongeze kipuri, usianze na "ni nzuri?" Uliza kinatibu ugonjwa gani. Pima kama unao. Saa ya simu na kipande cha karatasi vinatosha kuanzia. Linganisha na makosa ya santuri yenyewe. Kisha rekodi kabla, rekodi baada, na ugeukie ukuta. Kikishinda hapo na pesa unayo, nunua kwa amani, wala usimwombe mtu radhi.

Mjomba hajafunga mlango. Baharia mwenzake wa zamani anayeishi London ana LP12 yenye mota ile mpya. Atakuja likizo, na mjomba amemtumia santuri mbili kwa mkono wa mtu ili azirekodi kule kabla ya kuja. Zikifika, nimeshaahidi kurusha sarafu.

Juzi alinipigia tena, saa nne usiku. Hakusema salamu. Aliiweka simu karibu na spika, wimbo wa 45 ukacheza mpaka mwisho, nikasikia sindano ikikwaruza kwenye mfereji wa mwisho, halafu sauti yake: "Huu nilimchezea shangazi yako siku ya kwanza. Haya, lala."